Mwalishi wa Kipawa

Mtaani Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, ndege ikipita juu, watu hunyamaza. Si kwa adabu, kwa lazima. Uwe unagombana, unaposa au unanadi nyanya, likija lile dubwana unasubiri litue, kisha unaendelea pale pale ulipoachia. Mgeni akiona anadhani mtaa mzima umepatwa na kitu. Bi Hayat yeye alishazoea toka ujana wake: mdomo wazi, kidole hewani, macho kwenye dari, na ngurumo ikiisha anamalizia neno lake utadhani hakukatizwa.

Na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake, maana Bi Hayat alikuwa mwalishi. Vijana wengi hamlijui neno hilo, na siwalaumu. Mwalishi ni mwanamke anayetumwa na wenye harusi apite nyumba kwa nyumba kualika watu. Msidhani ni kugawa kadi, kadi hata upepo unaweza kuzigawa. Bi Hayat alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa, akanywa japo funda moja la maji, ndipo akasema nani kamtuma na kwa heri gani. Halafu akawataja watu wa nyumba ile mmoja mmoja, mama, wakwe, mabinti, mpaka yule bibi kiziwi wa chumba cha uani ambaye kila mtu humsahau. Kama mle ndani kulikuwa na walionuniana, aliwaalika kila mtu kivyake, asije mmoja akasema mwaliko kaletewa na adui yake. Akimaliza anasimama kizingitini, anapiga kigelegele kimoja tu, kirefu, mtaa upate kujua kwamba nyumba hii imealikwa.

Mama yake alikuwa mwalishi, na bibi yake pia. Ila miaka hii kazi ilikuwa imepungua, watu wakawa wanaalikana wenyewe kwa simu, na Bi Hayat akabaki na mmoja wa kumwalikia: Thuwaiba, binti wa Sultan. Huyu Sultan, mwenye duka la vitambaa na mume wa Bi Raya, ni mtoto wa ami wa marehemu mumewe Bi Hayat. Bi Hayat ndiye aliyealika harusi ya Sultan mwenyewe, akaalika na akika ya huyo Thuwaiba. Tangu mtoto yule anaota meno alikuwa akimwambia, "Wewe nitakualikia mie, magoti yatake yasitake." Sasa Thuwaiba alikuwa kaposwa, na harusi ilipangwa kabla ya mfungo. Bi Hayat akalitoa buibui lake jipya, akalining'iniza nyuma ya mlango, akasubiri kutumwa.

Aliyekuja ni Manal, bintiye wa pekee, katoka kwake Mbweni na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na simu janja, bado imo kwenye boksi lake.

"Mama, kamati imekaa," alisema, na kamati hiyo katibu wake ni yeye mwenyewe. "Kadi zitatumwa kwenye simu. Kila mgeni na yake, ina kamchoro ka miraba miraba. Akifika mlangoni kanapigwa picha, anaingia."

"Na mwalishi?"

Manal akaanza kuliangalia lile boksi. "Bi Raya kasema ukiiweza simu, wewe ndiye utakayewatumia wanawake. Ukishindwa, basi uje ukae mbele na wageni wa heshima, upumzike. Usikasirike, Mama. Dunia imeshakwenda."

"Imekwenda wapi?" Bi Hayat akauliza. "Na mbona ikiondoka haiagi?"

Swali zuri hilo, na wala halijapata jibu hadi leo. Umeme ununue kwa simu, maji ulipe kwa simu, mbuzi wa Idi umchague kwenye picha kama unachagua mchumba. Ukijifunza hiki, wanakibadilisha wanaleta kingine, na asiyekijua anatazamwa kama kaoza. Mtu mzima na akili zake anaambiwa na kidude cha kiganjani kwamba yeye ni wa zamani! Bi Hayat aliumia, tena aliumia hasa, kwa sababu maneno ya Bi Raya, mke wa Sultan, yaliletwa na mtoto aliyemzaa. Lakini Thuwaiba ni Thuwaiba. Akaipokea ile simu kwa mikono miwili, akauliza inawashwaje.

Mwalimu wake alikuwa jirani, Sekela, mwanamke wa Tukuyu anayefundisha shule ya msingi na asiyejua kuficha la moyoni. Kila alasiri akitoka shule alipita kibarazani kwa Bi Hayat.

"Shikamoo, Mama Manal. Leo twende na kutuma. Gusa hapo. Gusa tu! Kidole unakikandamiza kama unakanda chapati."

"Marahaba. Mbona chapati zangu unakula?"

"Chapati nala, simu usiipasue." Sekela akacheka, kisha akainama karibu kama anayetoa siri. "Usijione peke yako. Shuleni walipotupa vishikwambi, mie changu nilikifungia kabatini mwezi mzima. Wakiniuliza, nasema hakina chaji. Wanafunzi wangu wenyewe ndio walionifundisha kukiwasha, mwalimu mzima."

Kuandika kulimshinda Bi Hayat, herufi zilikuwa ndogo na vidole vyake vinene. Lakini siku alipoonyeshwa kile kialama cha kipaza sauti, kwamba unakishikilia, unasema, unaachia, na maneno yako yanakwenda na sauti yako ile ile, alikaa akaitazama simu kwa macho mengine. "Kumbe hiki nacho kina mdomo," alisema. Kuanzia hapo hakuna aliyepumzika. Alimtumia Manal sauti za kumwamkia, sauti za kumuuliza kala nini, na sauti za kumuuliza kwa nini hajibu. Bi Raya akamwingiza kwenye kundi la harusi, lenye picha ya mawaridi mekundu, na Bi Hayat akaona kazi yake inarudi.

Ndipo Mzee Nawaf akafariki. Nawaf alikuwa na duka la viungo mtaa wa pili, na yeye na marehemu mume wa Bi Hayat walikuwa chanda na pete, kwa hiyo Bi Hayat alikuwa shemeji yake, na shemeji kwa utani hawana mpaka. Miaka nenda rudi walitaniana hadharani. Nawaf akimwona anapita na buibui la kualikia alipiga kelele dukani, "Jamani, ficheni sufuria, mwalishi huyo!" Alizikwa Jumapili. Watu wakafungua kundi la msiba kwenye simu, Bi Hayat naye akaingizwa, na mtu mmoja, sijui nani, akaliwekea picha ya mawaridi mekundu. Ndivyo tulivyo, harusi waridi, msiba waridi.

Jumanne mchana Bi Hayat alikuwa anachambua mchele. Simu ikalia, kundi la harusi: mahari ya Thuwaiba imepokelewa, alhamdulillahi. Furaha ikampanda mpaka kooni. Akafuta mikono, akatazama mawaridi, akagusa, akashikilia kipaza sauti, akajaza kifua pumzi.

"Lililililililii! Alhamdulillahi, siku tuliyoingoja kwa hamu imefika! Mwenye wivu ajinyonge!"

Akaachia. Sauti ikaenda kutua kwenye kundi la msiba, chini kabisa ya maneno ya mtoto wa marehemu: "Tunawashukuru nyote mliotusaidia kumsitiri baba yetu."

Macho yakamwangukia kwenye jina la kundi. Akakumbuka somo la Sekela, ukikosea unashikilia ujumbe, unagusa kipicha cha pipa la taka. Akagusa. Simu ikamuuliza swali, naye akabonyeza jibu lililokuwa karibu na kidole. Ujumbe ukatoweka. Bi Hayat akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye mchele wake, tena na kiwimbo juu.

Hakumaliza ungo. Manal akapiga. "Mama! Futa!"

"Nimeshafuta, mwanangu."

"Umefuta kwako tu! Sie wote tunayo. Watu wanaisikiliza mpaka Maskati!" Bi Hayat akamsikia anavuta kamasi. "Bi Raya kasema mtu wa namna hii hawawezi kumtuma kwa watu. Amekutoa kwenye kundi. Na mie ndiye niliyekupa simu, Mama. Nimekutia aibu mie."

Bi Hayat akalifungua kundi la harusi. Mawaridi yalikuwepo, lakini pa kusemea hapakuwepo tena. Akaiweka simu kifudifudi, akalia. Alilia kwa aibu ya yule mfiwa, na alilia kwa ajili ya Thuwaiba ambaye sasa angealikiwa watu wake na kamchoro. Wanawake watatu wa ukoo mmoja walikuwa wameifanya kazi hii, na yeye ndiye aliyeiua, kwa kidole.

Sekela alipofika alasiri alikuwa ameshasikia, maana hata walimu wenzake walikuwa nayo. Akakaa, akashika shavu, kisha akapata wazo.

"Lakini marehemu si shemeji yako wa utani? Basi sema ulikuwa unatania. Kwetu mtani anaweza kuja msibani akalala juu ya jeneza, watu wakacheka, na hakuna wa kumuuliza. Nani atakubishia?"

Wazo hilo lilikuwa tamu. Bi Hayat alilionja kidogo moyoni, kisha akatikisa kichwa.

"Mtani hutania kwa kusudi, mwalimu. Mie nimekosea. Nikimdanganya mfiwa, hapo ndipo nitakuwa nimemshangilia maiti kweli."

Akaosha uso. Lile buibui jipya nyuma ya mlango hakuligusa, akachukua la siku zote, akaondoka kwa miguu.

Bi Zuwena, mjane wa Nawaf, alikuwa ndani katika eda yake, amezungukwa na wanawake mkekani. Bi Hayat akabisha hodi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo." Bi Hayat akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Akangoja akaribishwe. Akakaa. Akaomba maji, akanywa funda moja.

"Bi Zuwena," alisema, "siku zote nikija kwako nakuja kwa kutumwa. Leo sikutumwa na mtu, nimejituma. Ile sauti ni yangu. Sikuwa natania na sikukusudia. Nilikuwa nashangilia mahari ya Thuwaiba nikabonyeza pabaya, na kufuta nako nikafuta pabaya. Shemeji Nawaf nilikuwa—"

Ndege ikapita. Jamani, siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mkeka ukatetemeka, vikombe vikagongana, na wanawake wote wakakaa wanatazamana, Bi Hayat kidole chake kiko hewani na machozi yanamtiririka. Ikapita weee, mpaka ikatua.

"—nampenda," akamalizia.

Bi Zuwena alikuwa amejiinamia, mabega yanamruka. Mmoja akamkimbilia ampoze. Alipoinua uso, wakaona hakuwa analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, anajizuia na hawezi.

"Mwenye wivu ajinyonge!" alisema, na kicheko kikamponyoka. "Ewe Hayat! Nawaf angelisikia hilo angelirudi! Mwaka wa ngapi anakutafutia neno la kukushinda, na wewe umengoja kafa ndio umempiga bao!" Wanawake wakaanza kuguna, mmoja akacheka, wakacheka wote, kisha wakalia wote, na kilio hicho kilikuwa chepesi kuliko kile cha mwanzo.

Alipotulia, Bi Zuwena akachukua simu yake akasema na kundi zima la msiba, kwa sauti ya uchovu lakini imenyooka: "Asiseme mtu. Bi Hayat kaniambia ukweli wake na nimempokea. Huyu ni mtani wa mume wangu, na kama hakukusudia yeye, basi ni marehemu kamtuma." Kisha akaigeuza simu, akamsogezea Bi Hayat.

"Na wewe tazama hapa. Ijumaa ni hitma ya kumsomea Nawaf. Wanangu wametangaza tangu jana. Unaona watu walichojibu?"

Bi Hayat akatazama. Vilikuwa vipicha vya mikono iliyofumbatwa, safu kwa safu.

"Mikono," Bi Zuwena alisema. "Mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyesema nakuja. Nimpikie nani pilau, mikono? Nialikie watu, Hayat. Wa hapa waendee kwa miguu. Waliohamia Kinyerezi na huko Mbweni waite kwa hicho kidude chako. Ila usinipigie vigelegele."

Basi Bi Hayat akafanya kazi. Asubuhi alizunguka mtaa, alasiri alikaa kibarazani na Sekela pembeni akimtafutia namba. Hakusema kwenye kundi hata neno moja. Kwenye kundi, alisema, kila mtu hudhani anaambiwa mwenzake. Alimtumia kila mtu sauti yake mwenyewe, akataja aliyemtuma, akawataja wa nyumba hiyo kwa majina, na alipofika kwa mkwe mmoja mjamzito aliyehamia Kinyerezi alimtaja mpaka mtoto aliye tumboni. Ndege ikipita hakuachia kidole. Alisubiri, kisha akaendelea. Sekela alimwambia sehemu hizo zinaweza kurudiwa. "Za nini kurudiwa?" alijibu. "Wajue nawaita kutoka Kipawa."

Ijumaa mikeka haikutosha. Waliokuja walikuwa hata wale waliokuwa wametuma mikono. Yule wa Kinyerezi alishuka na tumbo lake na wanawe wote, akasema amekuja kwa sababu alikosa pa kukatalia, maana hata huyo asiyezaliwa kaalikwa kwa heshima. Bi Raya naye alikuwepo, na mama mkwe wake kiziwi kamshika mkono, kwa kuwa Bi Hayat alikuwa amemtaja na bibi huyo.

Wakati wa kuondoka Bi Raya akamvuta Bi Hayat pembeni. Si mwanamke wa kuomba radhi huyo, neno lenyewe lilimwia gumu kama mfupa wa samaki. "Da Hayat," alisema, "kadi zipo tayari. Lakini tumezituma kwa watu kumi wa kwanza, na wamejibu dole gumba. Thuwaiba ananiambia kama si wewe, yeye hajaalikiwa. Mtoto ana kichwa kigumu yule. Nakuomba."

Bi Hayat angeweza kumsema. Maneno alikuwa nayo, mengine alikuwa amekesha akiyapanga. Lakini furaha ilimwahi. "Kadi mnipe nizitume mie," alisema. "Kwanza sauti yangu, kadi nyuma yake. Hicho kimchoro nacho kina kazi yake, mlangoni hapapiti mzamiaji."

Akarudishwa kundini, na mara hii Sekela akalibadilisha picha, yakatoka mawaridi ikawekwa birika la kahawa. Bi Hayat akalishusha buibui jipya. Wa karibu akawafuata kwa miguu mpaka magoti yakalalamika, wa mbali akawaita kwa sauti, na kadi ikifuata nyuma. Majibu yalianza kurudi kwa sauti pia, watu wakisema majina yao, wakimsalimia, wengine wakilia kidogo. Mzee mmoja wa Maskati alituma sauti ya kuomba tu asikie tena ile ndege.

Akabaki mtu mmoja. Bi Hayat aliketi kibarazani peke yake, akashikilia kipaza sauti.

"Manal binti Khalfan. Nimetumwa na Sultan na Bi Raya. Wanakualika wewe, na mumeo, na mama mkwe wako, kwenye harusi ya binti yao." Ndege ikaja. Akasubiri na kidole chake. "Mwanangu, toka jambo hili lianze umehangaikia mwaliko wa watu wote, na wewe hujaalikwa na mtu. Basi nakualika mie." Akaachia.

Alama zikageuka bluu, maana yake imesikilizwa. Jibu halikuja. Manal, ambaye hujibu kila kitu kwa dole gumba hata kabla hujamaliza kusema, hakujibu mchana kutwa. Bi Hayat akaanza kujiuliza kama amebonyeza pabaya tena.

Jua limeinama akasikia hodi. Manal alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kazini, viatu mkononi, uso wa mtu aliyechoka. Hakuingia mpaka alipokaribishwa. Akakaa. Akaomba maji, akanywa funda moja.

"Leo kazini wametuletea mfumo mpya tena," alisema. "Wa juzi hata sijauzoea. Nilikuwa nimezubaa tu mbele ya kompyuta, nikaisikiliza sauti yako. Nikaenda kuisikiliza tena chooni. Mama, sikujua namna ya kuijibu kwenye simu."

Ndege ikapita. Bi Hayat akamtazama bintiye wa Mbweni, kidole hewani, mdomo wazi, macho kwenye dari, anasubiri kama alivyolelewa.

"Mwambie aliyekutuma," Manal alisema ilipotua, "nitakuja."

Bi Hayat akanyanyuka kwa kujikongoja na magoti yake, akasimama kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akapiga kigelegele kimoja tu, kirefu. Mtaa ukajua kwamba nyumba hii nayo imealikwa.